Kuzunguka Ziwa Bled kwa Mfuko Mwepesi

Kozi ya hisabati iliyonipeleka Trieste, katika kituo kile cha fizikia kilichoasisiwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistani ili wanazuoni wa nchi changa wapate mahali pa kukutana na wenzao wa nchi zilizotangulia, ilipokwisha, nilijikuta ninazo siku chache za viza na posho iliyokuwa imepungua kuliko siku zenyewe. Wenzangu, ambao baadhi yao walitoka katika nchi zenye mishahara minono, walikuwa wakipanga kwenda Venice na Como. Nami nilipokadiria nauli na malazi ya huko niliona kuwa hesabu haikubali, na mwalimu wa hisabati hana udhuru wa kubishana na hesabu. Bawabu wa bweni letu, mzee aliyezaliwa upande wa pili wa mpaka, ndiye aliyenielekeza. "Nenda Bled," aliniambia, "ila usipite barabara kuu. Panda treni ya zamani ya milimani." Ushauri huo ulinigharimu kikombe kimoja cha kahawa niliyomnunulia, na katika safari yote sikununua kitu kingine chenye faida kubwa kama hicho.

Treni ile huanzia Nova Gorica, na kufika hapo kutoka Italia ni jambo la kuchekesha na la kusikitisha kwa pamoja. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mpaka uliochorwa mwaka 1947 uliuacha mji wa kale wa Gorizia mikononi mwa Italia, na kituo kimoja cha reli cha mji huo kikaangukia Yugoslavia. Kwa hiyo Wayugoslavia, waliopewa kituo bila ya mji, wakaanza mwaka uliofuata kujenga mji mpya kando ya kituo. Mbele ya kituo pana uwanja uliokuwa umekatwa na uzio hata mwaka 2004, na leo pale uzio ulipopita pana alama ya duara sakafuni, ambayo nusu yake iko Italia na nusu yake iko Slovenia. Nilimwona mtoto wa kike akiruka kutoka nchi moja hadi nyingine na kurudi, huku mama yake akizungumza kwa simu bila ya kumjali, na fikira zangu zikaenda Horohoro, ambako Wadigo wa Tanga na Wadigo wa Kwale wana babu mmoja na pasi mbili, na ambako mtoto akiruka mpaka namna ile ataitwa na askari.

Reli yenyewe ilifunguliwa mwaka 1906, zama za ufalme wa Austria na Hungaria, ili bandari ya Trieste iunganishwe na nchi za ndani za dola hiyo. Zama zile zile Wajerumani walikuwa wakiisukuma reli kutoka Tanga kwetu kuelekea Usambara, kazi waliyoianza mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911. Reli zote mbili hazikujengwa kwa mapenzi ya wenyeji waliokuwa wakiishi kandokando yake; zilijengwa kwa mizigo, kwa askari na kwa fahari ya wafalme ambao leo hawapo. Lakini ya kwao haikuacha kubeba wanafunzi na wazee wanaokwenda hospitali, na ya kwetu sote tunajua ilivyolala usingizi wa miaka mingi kabla ya kuamshwa.

Behewa nililopanda lilikuwa limepakwa michoro ya vijana wa mitaani toka gurudumu hadi paa, hata baadhi ya vioo vilikuwa vimezibwa kwa rangi, na nilitafuta kiti chenye dirisha safi nikakaa upande wa mto. Mara baada ya kuondoka, treni hupita juu ya daraja la Solkan, ambalo tao lake la mawe lina upana wa mita 85, na hakuna daraja jingine la reli duniani lenye tao kubwa kama hilo la mawe ya kuchonga. Daraja hilo lililipuliwa katika vita mwaka 1916 na baadaye likajengwa upya. Chini yake unapita mto Soča, na rangi yake ni ya zumaridi. Nilidhani kwanza kuwa ni hila ya kioo cha dirisha, nikakishusha, nikaona kuwa mto wenyewe ndio wenye rangi hiyo. Katika bonde hilo zuri, kati ya mwaka 1915 na 1917, Waitalia na majeshi ya Austria walipigana vita 12 vilivyopewa jina la mto huo mmoja, na wakafa watu kwa malaki. Mwanamume aliyekaa mbele yangu, mwenye baiskeli aliyoifunga ukutani kwa mkanda, alininyooshea kidole kilele baada ya kilele akinitajia majina, na kila jina lilikuwa na makaburi yake.

Baada ya vituo vidogo vingi, ambavyo kila kimoja kina maua dirishani na mtumishi aliyevaa kofia nyekundu, treni huingia katika tumbo la mlima na kukaa gizani kwa zaidi ya kilomita sita. Tundu hilo lina urefu wa mita 6,327. Watu wa huko, ambao barabara yao ya mlimani ina kona za kutia kizunguzungu, hupakia magari yao juu ya mabehewa wazi na kuvushwa pamoja nayo chini ya mlima, wenyewe wakiwa wamekaa ndani ya magari yao kama abiria wa pantoni. Unapotoka upande wa pili hewa imebadilika: imekuwa baridi, ina harufu ya nyasi zilizokatwa na moshi wa kuni, na nyumba hazina tena vigae vya Kiitalia bali mapaa marefu yaliyoinama sana, yaliyojengwa kwa hadhari ya theluji.

Kituo cha Bled Jezero kiko mlimani upande wa magharibi, juu ya ziwa, mbali na mji na mahoteli yake. Abiria tulioshuka tulikuwa wachache, na njia ya kuteremkia ziwani ni ya miguu. Hapo ndipo nilipolionea ziwa kwa mara ya kwanza, kati ya miti, asubuhi ya mwezi wa Septemba ukungu ulipokuwa unaanza kujiinua: maji ya kijani, kisiwa kidogo chenye kanisa na mnara mweupe, ng'ambo yake husuni juu ya jabali lililosimama wima, na nyuma ya vyote hivyo safu ya milima ya Karavanke. Picha ya mahali hapo nilikuwa nimeiona mara nyingi katika kalenda, na nilitarajia kuwa, kama ilivyo ada ya kalenda, ukweli ungekuwa mdogo kuliko picha. Kwa kimo ulikuwa mdogo kweli, maana ziwa lote halizidi kilomita mbili na kidogo kwa urefu, na mtu wa nchi yenye Nyanza, Tanganyika na Nyasa anaweza kuliita bwawa bila ya kukosa adabu. Lakini kalenda haina sauti, na ziwa lile lina sauti ya kengele.

Kengele ile iko katika kanisa la kisiwani, na ni ya mwaka 1534. Wenyeji husimulia kuwa palikuwa na mjane kijana ambaye mumewe aliuawa na wanyang'anyi, akayeyusha dhahabu na fedha yake yote kuifanyia kengele kanisa la kisiwani, na mashua iliyoibeba ikazama kwa dhoruba. Mjane akaenda Roma akawa mtawa, na baada ya kufa kwake Baba Mtakatifu akapeleka kengele nyingine. Basi hata leo kila mgeni afikaye kisiwani huvuta kamba ya kengele akiwa na nia moyoni, akiamini kuwa nia yake itakubaliwa. Matokeo yake ni kuwa kengele haitulii. Tangu asubuhi hadi jioni inalia, mara kwa nguvu, mara kwa unyonge, kadiri ya mkono wa mvutaji, na mtu aliyekaa pwani husikia haja za watu wa mataifa yote zikipita juu ya maji.

Sikwenda kisiwani. Nauli ya mashua ilikuwa karibu yuro 20, na kwa fedha hiyo nilikuwa na chakula cha siku mbili kwa namna nilivyokuwa nikila. Niliketi, badala yake, katika gati ya kijiji cha Mlino ambako mashua hizo huondokea, na nikapata kwa bure kile ambacho labda nisingekipata kwa fedha, yaani mazungumzo na mmoja wa manahodha wakati akingoja mashua yake ijae. Mashua zenyewe huitwa pletna. Zina matako bapa, zina turubali la rangi rangi juu, abiria hukaa ubavuni wakitazamana, na nahodha husimama nyuma akipiga makasia mawili kwa pamoja, akiinama na kuinuka kwa mwendo wa taratibu usiovunjika. Yule mzee alikuwa na mikono mipana na ngozi iliyokaushwa na jua kama manahodha wetu wote. Aliniambia kuwa kazi ile ni mirathi: familia chache za pale kijijini ndizo zenye haki ya kuifanya, haki ambayo kwa kauli yao waliipata katika karne ya 18 zama za malikia Maria Theresa, na baba humwachia mwana. Mashine za petroli zimepigwa marufuku ziwani, kwa hiyo hakuna kijana mwenye boti ya kasi awezaye kuja kuwanyang'anya abiria.

"Na kwenu?" aliniuliza.

Nilimwambia kuwa kwetu nahodha hangoji ruhusa ya malikia, na kwamba mwana wa nahodha siku hizi hutaka kuendesha bodaboda. Alicheka, akasema kuwa wa kwake anasoma uhasibu Ljubljana, ila siku za likizo huja kushika makasia, kwa sababu makasia humlipa vizuri kuliko uhasibu utakavyomlipa. Mashua ikajaa, wengi wao wakiwa Wakorea waliovaa kofia za jua zinazofanana; akanipungia mkono, akaisukuma gati kwa kasia. Niliwafuata kwa macho mpaka walipofika kwenye ngazi 99 za kisiwani, ambazo kwa desturi ya huko bwana arusi humpandisha mkewe kwa kumbeba mikononi, na bibi arusi haruhusiwi kusema neno hata wafike juu. Mila hiyo sikuwaonea wivu. Mahari yetu ni mazito, lakini hayabebwi kwa mgongo.

Njia ya kulizunguka ziwa ina urefu wa kama kilomita sita, na hailipiwi. Hili ndilo jambo lililonishughulisha kuliko majengo yote ya kale. Mtu huanza kutembea popote, akapita chini ya miti mikubwa, mbele ya mahoteli, nyuma ya makasia ya klabu ya mbio za mashua ambayo watu wake wamekaribisha mashindano ya dunia mwaka 1966, 1979, 1989 na 2011, chini ya bustani ya kasri lililokuwa la Rais Tito wa Yugoslavia, kando ya mahali pa kuogelea panapoingiwa bila ya tikiti, na akarudi alikoanzia bila ya kuulizwa na mlinzi yeyote anakwenda wapi. Kila penye kibanda pana bomba la maji ya kunywa, na maji yake ni baridi na matamu. Nchi hiyo mwaka 2016 iliandika katika katiba yake kuwa maji ya kunywa ni haki ya mtu na si bidhaa. Niliipanda pia njia ya msituni inayokwenda juu ya kilima cha Ojstrica, ambako pana benchi moja la mbao, na kutoka hapo ziwa zima, kisiwa na husuni, ambayo maandiko huitaja tangu mwaka 1011, vinaonekana kwa mtazamo mmoja. Tikiti ya kuingia husuni ilizidi yuro 15. Benchi lilikuwa bure, na tuliokuwa tukipokezana kulikalia tulikuwa wengi kuliko nilivyotazamia, wengi wetu tukiwa na mikate ndani ya mifuko.

Wala isidhaniwe kuwa maji yale yalikuwa safi kwa bahati tu. Katikati ya karne iliyopita ziwa liliugua kwa uchafu wa mahoteli na nyumba, likajaa uoto wa majini, na ikabidi mwaka 1964 mto Radovna uchepushwe sehemu yake na kuletwa kwa bomba ili maji mapya yaingie ziwani. Baadaye pakawekwa mtambo wa kuvuta maji machafu ya kilindini na kuyatoa. Uzuri uliomo katika kalenda, basi, ni kazi ya mafundi wa mabomba, na sioni kuwa jambo hilo linaupunguzia heshima yake.

Kasri la Tito limekuwa hoteli tangu mwaka 1984, na kahawa yake haikuwa kwa ajili yangu, lakini nilisimama nje ya lango lake kwa muda, kwa kuwa mtu wa umri wangu aliyelelewa katika Tanzania ya Mwalimu Nyerere hawezi kulipita jina lile kama jina geni. Nikiwa shuleni picha ya Tito ilikuwa katika vitabu vyetu vya siasa pamoja na Nehru na Nasser. Mwaka 1970 alizuru Tanzania, na mwaka huo huo Dar es Salaam ilikaribisha mkutano wa matayarisho wa nchi zisizofungamana na upande wowote kabla ya mkutano mkuu wa Lusaka. Nchi yake haipo tena. Slovenia ilijitenga mwaka 1991, na msichana aliyekuwa akifagia lango, nilipomwambia kuwa Tito alipata kufika kwetu, alinijibu kwa upole kuwa bibi yake anampenda sana mzee huyo. Yeye mwenyewe hakuwa na neno la kuongeza.

Kabla ya wafalme na marais, mtu aliyeifanya Bled ijulikane alikuwa Mswisi, Arnold Rikli, ambaye katikati ya karne ya 19 alifungua hapo nyumba ya tiba isiyotumia dawa. Tiba yake ilikuwa kutembea pekupeku juu ya nyasi zenye umande, kuota jua, kuoga maji baridi, kupanda vilima alfajiri na kula chakula kisicho na makuu. Matajiri wa Ulaya walisafiri kwa siku nyingi na kulipa fedha nyingi ili waamrishwe kuishi namna hiyo. Nilipokuwa nikishuka Ojstrica, viatu mkononi kwa ajili ya malengelenge, tumboni nina mkate na jibini tangu asubuhi, niliona kuwa ningekuwapo zama zake daktari yule angenitoza ada kwa tiba niliyokwisha kujipa.

Jambo la chakula halikuwa dogo kwa Mwislamu mwenye mfuko mwepesi katika nchi ambayo nguruwe huingia mpaka kwenye supu ya maharage. Aliyeniokoa ni Mbosnia mwenye kibanda cha burek, yaani chapati ya tabaka tabaka, nyembamba kama karatasi, iliyotiwa jibini au nyama na kuokwa katika sinia kubwa la duara. Aliiona kofia yangu ya kazi ya mkono, akanitolea salamu kabla sijafungua kinywa, nami nikamwitikia, na kuanzia hapo hatukuwa wageni. Baba yake alikuja zama za Yugoslavia kufanya kazi katika viwanda vya chuma vya Jesenice, mji ulio karibu na Bled, pamoja na Wabosnia wengine wengi, na kwa miaka mingi walisali Ijumaa katika kumbi za kupanga. Maombi ya kwanza ya kujenga msikiti katika mji mkuu wa Ljubljana yalipelekwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na mlango wa msikiti ukafunguliwa mwaka 2020. "Babangu hakuuona," alisema, akakata kipande cha pili na kukiweka sahanini mwangu bila ya kukiandika katika hesabu, na nilipotoa sarafu akaufunika mkono wangu kwa mkono wake wenye unga.

Kutoka Bled nilikwenda Bohinj, ziwa jingine lililo ndani zaidi ya milima, kubwa mara mbili kwa urefu, lisilo na kisiwa wala husuni wala foleni ya wapiga picha. Ukinitaka rai yangu, Bled ni bibi arusi na Bohinj ni mama mwenye nyumba. La kwanza hutazamwa, la pili huishi. Milima ya Alpi hapo hushuka mpaka ndani ya maji, na Triglav, wenye mita 2,864 na uliochorwa katika bendera ya nchi hiyo, uko juu yake ukijificha mawinguni. Septemba ndio mwezi ambao ng'ombe hushushwa kutoka malisho ya juu walikokaa kiangazi chote, na mabonde hujaa mlio wa kengele zilizofungwa shingoni mwao. Wafugaji wa Kimasai wa Handeni, ambao nao huhamisha ng'ombe kwa majira, wangeyaelewa mambo hayo yote pasipo mkalimani.

Nilipanga chumba kwa bei rahisi katika nyumba ya mama mmoja mzee wa kijiji cha Stara Fužina, ambaye hakujua lugha yoyote niijuayo, ila mjukuu wake alisema Kiingereza na alikuwapo jioni. Bibi huyo aliniita bwana, na mimi nikamwita mama, na mjukuu akatafsiri yaliyobaki. Jioni ya kwanza aliniuliza nitakula nini. Nikamwambia nitakula cho chote anachokula yeye isipokuwa nyama ya nguruwe. Akafikiri, akaenda kwenye mtungi wa unga.

Nilisimama mlangoni mwa jiko nikatazama. Unga ulikuwa wa rangi ya majivu, wa nafaka nyeusi yenye pembe tatu inayoitwa ajda. Maji yenye chumvi yalipochemka kwa ghadhabu, aliumimina unga wote kwa mara moja katikati ya sufuria, ukakaa kama kichuguu, na kwa mpini wa mwiko wa mbao akakitoboa kichuguu hicho tundu hadi chini, ili maji yapande kupitia ndani yake. Hakukoroga. Aliketi akafuma soksi. Mimi, niliyelelewa na bibi mzaa mama ambaye angeona kuviacha unga na maji peke yake motoni ni uvivu wa kumfukuzisha mke, nilihangaika kwa niaba ya sufuria ile. Baada ya muda mrefu alisimama, akamwaga sehemu ya maji katika bakuli, ndipo akausonga unga kwa nguvu, na badala ya kuukusanya uwe donge laini la kumegwa, akauchambua kwa uma ukawa vipande vipande mithili ya mawe ya kokoto. Akaupakua katika sahani, akaviweka kando vipande vya mafuta ya nguruwe ambavyo kwa desturi hunyunyiziwa juu, akavirudisha kabatini, na akaweka mbele yangu bakuli la maziwa ya mgando.

Ugali na maziwa ya mgando, mbele ya dirisha lenye theluji ya mwaka jana katika vilele. Ladha ya ajda ni kali kuliko ya mahindi, ina uchungu wa mbali, na maziwa huituliza. Mjukuu alisema kuwa vijana wa mjini walikiacha chakula hicho wakikiona ni cha maskini, na sasa mahoteli ya Bled yanakiuza kwa bei ambayo bibi hukataa kuiamini kila anapoambiwa. Niliomba nioneshwe tena kesho yake, na yule mama akanipa mwiko, akasimama nyuma yangu, akanipiga kofi dogo la mkono nilipotaka kukoroga mapema.

Tangu nirudi nyumbani Tanga, watu huniuliza zaidi juu ya milima, na mimi hujikuta nikiwajibu juu ya ile njia ya kilomita sita. Sisi tumepewa pwani ambayo Slovenia yote, yenye kipande cha bahari kisichofika kilomita 50, ingeitamani. Na Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Lakini tembea kandokando ya bahari katika miji yetu ya mwambao, hesabu mara ngapi utageuzwa na ukuta, na mara ngapi na mlinzi mwenye kirungu anayekuambia kuwa ufukwe huu ni wa wageni wa hoteli. Nimemwona mvuvi akizunguka na jarife begani kwa njia ya barabara ya lami kwa sababu mchanga aliokuwa akipita baba yake umefungiwa. Bled kuna hoteli za ghali, na mvuvi, mwanafunzi, bibi kizee na mwalimu wa kigeni mwenye mkate mfukoni wote hupita mbele ya baraza zake. Wenye hoteli hawakufilisika kwa sababu hiyo, na nadhani wageni wao huwalipa kwa ajili ya maisha yale yanayopita mbele yao.

Kwa hiyo nina ombi kwa madiwani wa mji wangu na wa miji mingine ya mwambao. Viko bado viwanja vya pwani ambavyo havijagawiwa. Kabla ya kuvigawa, ichorwe kwanza katika ramani njia ya miguu kando ya bahari, yenye upana wa kupishana watu wawili na mkokoteni, yenye mti wa kivuli na bomba la maji kila baada ya mwendo wa robo saa, na hati za viwanja ziandikwe baada ya mstari huo. Kuichora njia kabla ya ukuta kujengwa hakuhitaji zaidi ya wino. Kuifungua baada ya ukuta huhitaji mahakama.